Ufundi wa Kuchunguza Lugha Zisizo na Ndugu

Kulinganisha lugha huonekana kazi nyepesi pale undugu unapokuwa wazi. Mkazi wa Nyarutarama, Kigali, anayejua Kinyarwanda na Kiswahili anaweza kuianza akiwa amekaa barazani. Maji ni amazi, jina ni izina. Njia ni inzira, njaa ni inzara. Penye j upande mmoja pana z upande wa pili, na ile r ya katikati Kiswahili hakina. Kinachothibitisha asili moja ni utaratibu huu wa kujirudia. Kufanana kwa sura peke yake hakutoshi.

Ufundi hupimwa pale utaratibu huo unapokosekana. Kihadza, lugha ya wawindaji wapatao elfu moja kandokando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, hakijapatiwa ndugu. Kina sauti za vidoko, zinazotolewa kwa kubandua ulimi ghafla, kama Kisandawe cha mkoani Dodoma, na mwaka 1963 mwanaisimu Joseph Greenberg aliziweka zote mbili katika kundi moja na lugha za vidoko za kusini mwa Afrika. Lakini kidoko huazimwa: Kizulu na Kixhosa ni lugha za Kibantu, na vidoko vyake zilivipata kwa majirani. Miaka ya 1990 mwanaisimu Bonny Sands aliyapitia upya madai hayo, akaona ushahidi wa Kihadza ni hafifu mno. Kwa Kisandawe mjadala bado uko wazi, maana wapo wanaokihusisha na lugha za Kikhoe za kusini mwa Afrika.

Mtego mkubwa umo katika hesabu. Tano kwa Kihadza ni bothano. Mwenye haraka ataikimbilia gatanu ya Kinyarwanda na kutangaza undugu, kumbe neno hilo limetoka Kisukuma, lugha ya Kibantu ya majirani, na tatu ya Kihadza, samaka, imetoka Kidatoga, lugha ya majirani wengine. Za Wahadzabe wenyewe ni moja na mbili tu. Kwa hiyo mchunguzi lazima azijue lugha za majirani kabla ya kugusa ile anayoitafuta, na kazi hiyo ya kuchambua mikopo, isiyo na sifa yoyote, ndiyo inayokula miaka.

Kibaski, mpakani mwa Ufaransa na Hispania, nacho hakina ndugu aliyethibitishwa, ila kimepewa kila aina ya jamaa. Wengi walikipeleka Kaukasi kwa sababu huko nako, kama kwa Wabaski, mtenda wa kitenzi elekezi huwekewa alama yake. Ila lugha za Kaukasi zenyewe ni familia tatu ambazo hazijathibitishwa kuwa na asili moja: Kijojia kimo katika moja, Kiabkhazi katika nyingine, Kichecheni katika ya tatu. Mwanaisimu Koldo Mitxelena, katika kitabu chake cha 1961 kuhusu historia ya sauti za Kibaski, alichagua kuihoji lugha yenyewe. Neno bake, amani, limetokana na pacem ya Kilatini. K yake inaonyesha kwamba liliazimwa kabla Kilatini hakijailainisha sauti hiyo, na b inadokeza kwamba Kibaski cha kale hakikuwa na p mwanzoni mwa neno. Majina kama Cison na Nescato katika maandishi ya enzi za Warumi huko Akwitania yanalandana na gizon, mwanamume, na neskato, msichana.

Wakati mwingine ushahidi humtegemea msemaji mmoja: Kiubikhi cha Kaukasi, chenye konsonanti zaidi ya themanini, kilipoteza msemaji wake wa mwisho, Tevfik Esenç, mwaka 1992 nchini Uturuki. Mwanaisimu Georges Dumézil alikuwa amefanya naye kazi kwa miaka mingi, na kumbukumbu za kazi hiyo ni miongoni mwa zile wanazotumia leo wanaokilinganisha Kiubikhi na Kiabkhazi.