Dira ya Fafner: uhakiki wa siku za mwanzo za safari ya Cortázar na Dunlop

Masharti yalikuwa manne. Watasafiri kutoka Paris hadi Marseille bila kutoka nje ya barabara kuu hata mara moja. Watasimama katika kila kituo cha mapumziko, viwili kwa siku, na usiku watalala katika kile cha pili. Watakichunguza kila kituo kisayansi na kuandika walichokiona. Mwisho wa yote, wataandika kitabu.

Jumapili tarehe 23 Mei 1982, Julio Cortázar na mkewe Carol Dunlop walipanda kombi yao nyekundu ya Volkswagen, wakashika njia ya kusini. Mwenye haraka huimaliza njia hiyo ya takriban kilomita 800 kwa siku moja. Wao waliingia Marseille tarehe 23 Juni. Kitabu chao, Les autonautes de la cosmoroute, kilitoka mwaka 1983 kwa Kifaransa na kwa Kihispania, na tangu hapo kimesifiwa mno kwa wazo lake. Wazo ni zuri, sikatai. Ila wazo hilo limekwisha kuelezwa katika aya moja hapo juu, na kitabu kina mamia ya kurasa. Kinachotufanya tuendelee kufunua ni fani, na fani hiyo inajengwa yote katika siku chache za mwanzo, kabla wasafiri hawajaiacha Paris mbali.

Tuanze na hesabu, maana waandishi wenyewe wanaanza na hesabu. Vituo ni zaidi ya sitini. Ukivigawa viwili viwili kwa siku, wastani wa mwendo ni kama kilomita 25, yaani robo saa ya kuendesha gari katika saa 24. Zinazobaki ni za kukaa. Sharti limeichukua safari na kuitoa mwendo, na hapo ndipo linapofanya kazi ya arudhi. Aliyewahi kubanwa na mizani, akahesabu kwa vidole na kukuta silabi moja imezidi, anajua kwamba kanuni hufukuza maneno yaliyokuja kwa urahisi na kumlazimisha mtunzi ayatafute ambayo asingeyafikiria. Vivyo hivyo hapa. Barabara imezuiwa isiwe habari, kwa hiyo habari inakuwa kivuli cha mti, siafu, dereva wa lori anayelala mchana, pipa la taka, na viti viwili vya kukunja vyenye maua ya kutisha ambavyo wenyewe wamevipachika jina la dhihaka. Kwa mwendo huo, msitu wa Fontainebleau, ambao wengine huupita ndani ya saa moja tangu kutoka Paris, unageuka kuwa nchi ya mbali.

Tazama sasa ukurasa wa daftari la siku. Juu kuna tarehe. Chini yake kifungua kinywa, kitu kimoja kimoja. Saa ya kuondoka. Jina la kituo kinachofuata na saa ya kufika, ambayo haiachani na ile ya kuondoka ila kwa dakika. Chakula cha mchana. Kuondoka tena, kufika tena. Chakula cha jioni. Kisha mwelekeo wa Fafner, kwa lugha ya dira: mashariki, kusini-mashariki, na kadhalika. Fafner ni jina la kombi, limetolewa kwa joka la opera ya Wagner. Hisia ni nadra kupewa nafasi humo. Daftari ni kavu kama kitabu cha karani wa bandari.

Mara ya kwanza kipengele cha dira kinachekesha. Gari limeegeshwa, pua yake ikitazama huku au kule, nani anajali? Msomaji anaona ni kejeli kwa wapelelezi wa zamani na vipimo vyao, na kweli ni kejeli. Lakini rudia kusoma siku tatu au nne mfululizo, utajikuta unaitumia taarifa ile mwenyewe. Gari lililoelekea mashariki litapigwa na jua la alfajiri kwenye kioo cha mbele. Gari hilohilo ndicho chumba chao cha kulala, jiko lao na ofisi yao. Kwa hiyo ukiambiwa dira umeambiwa pia mwanga utaingia kutoka wapi, nani ataamka kwanza, kivuli cha kuwekea viti kitakuwa upande gani. Fasihi ya mapenzi ina desturi ya kutupeleka faraghani kwa sitiari. Hawa wanatupeleka kwa nyuzi za dira, na mlango unabaki umefungwa.

Msomaji wa Kiswahili ana pa kuanzia na maandishi ya namna hii. Katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, wasafiri wetu nao husimulia kituo kwa kituo: tulilala hapa, tukaondoka, tukafika pale, chakula kilikuwa hiki. Kwao orodha ilikuwa na kazi ya wazi, maana anayefuata alihitaji kujua njia na mahitaji yake. Cortázar na Dunlop wanaikopa sauti hiyo ya mtu anayehesabu akiba, na kuitumia mahali ambapo maji yamo bombani na duka la kahawa liko hatua chache. Wanajidai kuogopa kiseyeye. Marafiki wanawaletea matunda na mboga kana kwamba wanaokoa meli iliyokwama. Kejeli inasimama kwa sababu sauti haitetereki. Wangekonyeza jicho mara moja tu, mchezo ungevunjika.

Na huwa wanakonyeza, hapo ndipo lawama yangu. Kabla ya safari kuanza kuna maandalizi marefu, maelezo juu ya maelezo, barua kwa mkurugenzi wa kampuni ya barabara, na wakfu kwa vichaa wote wa dunia, hasa Mwingereza mmoja wa karne ya 18 aliyetembea kinyumenyume kutoka London hadi Edinburgh. Wakfu huo ni kito. Mengine mengi yanatuambia tucheke wakati tayari tunacheka. Hata Calac na Polanco, wahusika wa riwaya ya Cortázar ya awali, wanapojitokeza kusumbua wasafiri, nahisi mwandishi mzoefu ameingiwa na wasiwasi kwamba kituo cha mapumziko hakitoshi. Kinatosha. Ameshatuonyesha kwamba kinatosha.

Barua za mama mmoja kwa mwanawe, ambazo zimepachikwa kati ya sura, zina sababu bora zaidi. Bibi huyo wa kubuni anapita na kupita tena barabarani, na kila mara anakutana na mume na mke wale wa ajabu. Kwa njia hiyo tunawaona kwa nje, wazee kidogo, wasioeleweka, wenye kombi. Daftari linatupa ndani bila hisia; barua zinatupa nje zenye udaku. Kati ya hizo mbili kuna sura za insha, ambazo mara nyingi hazina sahihi ya nani kaandika. Wanaitana Dubu Mdogo na Mbwamwitu, na msomaji hulazimika kubahatisha: hii sentensi inayochelewa kufika ni ya nani? Baada ya siku chache nimeacha kubahatisha, na nadhani kuacha huko ndiko kitabu kinakokutaka.

Ufaransa ya mashamba, je? Iko nyuma ya uzio. Masharti yanakataza kutoka, kwa hiyo vijiji vinaonekana kama mnara wa kanisa kwa mbali, na hata Burgundy yenye mizabibu, watakapoifikia, itabaki mandhari ya dirishani. Wengine wataona huo ni upungufu. Mimi naona vitabu vingi vya safari vya Ufaransa vimejaa jibini na mabibi wakarimu wa vijijini hivi kwamba uzio huu ni nafuu.

Barabara hii Cortázar alikuwa ameshaiandika. Hadithi yake La autopista del sur, ya mwaka 1966, inaanza Jumapili kwa msongamano wa magari yanayorudi Paris, na foleni inadumu hadi misimu inabadilika. Humo watu hawana majina; wanaitwa kwa aina ya gari wanaloendesha. Kitabu cha safari ya 1982 kimegeuza kila kitu: Jumapili ya kutoka Paris, kusimama kwa hiari, na gari ndilo lenye jina.

Dunlop alifariki Novemba 1982, kabla kitabu hakijakamilika, na Cortázar akaandika hitimisho peke yake. Yeye naye alifariki Februari 1984. Wahakiki wengine husoma kila kifungua kinywa cha siku za mwanzo kama maombolezo. Hilo halimo katika ukurasa. Machungwa ya asubuhi ya siku ya pili yameandikwa na watu waliokuwa wakiyala, na kuyapaka majonzi ya baadaye ni kulivunja sharti ambalo wenyewe walilishika kwa uaminifu: andika ulichokiona kituoni, siku ile.

Ramani za msafara zilizomo kitabuni zinafuata kejeli ya kisayansi ya daftari, ingawa sharti hilo la siku ile hazikulishika. Zilichorwa na Stéphane Hébert, mtoto wa Dunlop, safari ikiwa imekwisha, na yeye mwenyewe hakuwamo kwenye kombi.