Kumuuliza Sisimizi

Pale Al Bustan, Muscat, kwenye mzunguko wa barabara, limewekwa nchi kavu jahazi liitwalo Sohar. Ni chombo cha kushonwa kwa kamba za nazi, bila msumari, mfano wa mitepe ya Lamu, na kiling'oa nanga hapo Muscat Novemba 1980 kikafika Canton mwaka uliofuata. Humo mabaharia walijaribu kile kibao cha kale cha kupimia nyota: unauma fundo la uzi, unakisogeza kibao mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari, na nyota ya kaskazini ikae ukingo wa juu. Elimu hiyo tunajivunia, na ni haki yetu. Ila nje ya mji, mchangani, kuna rubani mwingine ambaye hatujapata hata kumwamkia.

Ni sisimizi wa jangwani, wa jamii ya Cataglyphis. Jua la saa sita, wenziwe wote wamejificha, yeye ndiyo kwanza anatoka kuokota wadudu waliokufa kwa joto. Huzungukazunguka kama aliyepotewa na kitu, lakini akishapata, hurudi shimoni kwake moja kwa moja.

Rüdiger Wehner wa Zurich alimfuatilia huko Tunisia kwa miaka mingi. Ninachokisifu kwake ni ufundi wa kuuliza. Mwaka 2006 yeye, Matthias Wittlinger na Harald Wolf waliwaachia sisimizi watembee mita 10 kutoka shimoni hadi kwenye chakula, kisha wakawagandisha nywele za nguruwe miguuni, zikawa mironjo. Wengine waliwakata miguu wakabaki na vigutu. Ukatili kidogo, sikatai. Wa mironjo walipitiliza, wakaanza kuutafuta mlango kwenye mita 15 hivi. Wa vigutu hata mita 6 hawakufika. Kumbe safari wanaipima kwa hatua! Upande wa kuelekea, huusoma kwenye mpangilio wa mwanga wa anga usioonekana kwa macho yetu.

Mwaka 2019 wahandisi wa Marseille walionyesha AntBot, roboti ya miguu sita iliyoiga mbinu hizo, yenye uzito wa kilo 2.3. Bila msaada wa setilaiti, ilitembea hadi mita 14 ikarudi ilikoanzia kwa hitilafu ya sentimita moja hivi. Mimi lakini nampenda zaidi mtangulizi wake, Sahabot ya Zurich, iliyojaribiwa jangwani miaka ya 1990. Ilikwenda kwa magurudumu, haikufanana na mdudu hata chembe, ila dira yake ilikuwa ya sisimizi hasa. Roboti nyingi zenye sura ya mdudu ni vinyago tu. Zimeiga miguu zikaacha akili.

Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kiko Al Khoudh, na wahandisi na wanasayansi wa viumbe wamo ndani ya ua mmoja. Natamani watoke pamoja mchana wa Juni, na swali lao la kwanza liwe la hapahapa: vumbi likitanda na anga likafifia, huyu wa kwetu anarudije nyumbani?