Kunukia au Kunuka? Tuzipime Hoja za Mafuta ya Udi Katika Safu za Ijumaa

Sifa njema zote zinamstahikia Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Sahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Katika Kiswahili chetu, kati ya kunuka na kunukia pana tofauti ya herufi moja tu. Kinachonukia watu hukisogelea, kinachonuka hukikimbia. Katika mji wa Tunduma, mkoani Songwe, tumekuta waumini wa msikiti mmoja wamegawanyika kwa sababu ya herufi hiyo.

Kisa chenyewe ni kifupi. Kijana mfanyabiashara alikuja Ijumaa akiwa amejipaka mafuta ya udi, yale mazito meusi yanayoitwa udi wa Kihindi. Alikaa safu ya mbele. Mzee aliyekuwa ubavuni mwake alianza kukohoa, kisha akainuka na kuondoka khutba ikiendelea. Baada ya swala mtu mmoja akamwambia kijana, mbele ya watu, kuwa amekuja msikitini na harufu ya zizi la ng'ombe. Kijana akajibu kuwa anayechukia udi anachukia Sunna. Tangu siku ile kijana haonekani Ijumaa, na mzee anaswali adhuhuri nyumbani kwake. Wanafunzi wetu wawili wa mji huo walituletea hoja za pande zote mbili zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi, wakatutaka tuzipime. Pamoja na karatasi walituletea na kichupa chenyewe. Tunazipima hapa kwa sababu tunaamini Tunduma si mji pekee wenye mzozo huu.

MAFUTA YENYEWE NI KITU GANI?

Mwenye kuhukumu jambo ni lazima kwanza alijue. Udi hutoka katika miti ya jamii iitwayo Aquilaria, inayoota Assam nchini India, Kambodia, Indonesia na nchi za jirani. Mti mzima una mbao nyeupe nyepesi isiyo na harufu ya maana. Ukijeruhiwa na kuingiwa na ukungu, hujitetea kwa kutoa utomvu mzito, na sehemu iliyolowa utomvu huo hugeuka nyeusi na kunukia. Vipande vyake huchomwa katika chetezo, au hulowekwa majini kisha hupikwa na mvuke wake kukingwa ili kupata mafuta. Udi wa Kihindi mara nyingi hulowekwa kwa siku nyingi hadi uchachuke, na hapo ndipo inapopatikana ile harufu ya zizi na ngozi mbichi ambayo watu huilalamikia.

Sisi tulijipaka tone moja kiganjani baada ya swala ya adhuhuri. Tuseme kweli: dakika za mwanzo hatukuyapenda. Ilikuwa harufu ya ngozi iliyolowa na udongo wa bonde. Baada ya muda ikaja harufu ya viungo, kama karafuu na mdalasini vilivyowekwa karibu na moshi wa kuni. Ilipofika alasiri kilichobaki kilikuwa kitamu na kitulivu, na wajukuu wetu walituuliza tumejipaka nini. Basi aliyesema yananuka na aliyesema yananukia wote wawili walisema kweli, ila kila mmoja aliyakuta kwa saa yake. Kijana alikuwa amejipaka mlangoni mwa msikiti, na mzee akayapokea katika dakika zake mbaya kuliko zote.

HOJA YA KWANZA: "UDI NI SUNNA, ANAYEUCHUKIA ANACHUKIA SUNNA"

Upande wa kijana umeandika hadithi ya Umm Qays bint Mihsan (r.a.) iliyomo katika Bukhari, ambayo ndani yake Mtume (s.a.w.) aliusia watu watumie al-uud al-hindi na kueleza kuwa una tiba saba. Wakatoa natija kuwa mafuta ya udi yamesifiwa kwa jina.

Hapa pana kosa la lugha. Neno uud kwa Kiarabu asili yake ni kijiti au kipande cha mti, na huitwa hivyo vitu vingi. Riwaya za hadithi hiyo zenyewe zinafafanua kuwa kilichokusudiwa ni qust, mzizi wa dawa unaotoka milima ya Kashmir, ambao leo unauzwa katika maduka ya dawa za asili kwa jina la qust al-hindi. Imam Bukhari ameuweka katika kitabu cha tiba, kwenye mlango wa kuvuta qust puani. Maneno yenyewe yalisemwa kuhusu mtoto aliyeumwa koo, na wala hayakuhusu kujipamba kwa ajili ya swala. Basi hadithi hii haina uhusiano na kichupa cha Tunduma.

Hatusemi kuwa udi hauna asili katika Sunna. Dalili yake ipo, na ina nguvu kuliko hiyo iliyotajwa. Amepokea Imam Muslim kutoka kwa Nafi' kuwa Ibn Umar (r.a.) alikuwa akijifukiza al-aluwwa, na huo ndio udi wetu huu, mara ukiwa peke yake na mara akiuchanganya na kafuri, kisha akasema kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya hivyo. Na katika Bukhari na Muslim imetajwa al-aluwwa kuwa ndiyo ya vyetezo vya watu wa Peponi. Inasikitisha kuona mtu ana dalili sahihi nyumbani naye anatoka kwenda kuazima isiyomfaa. Wanafunzi wetu wajifunze hapa kuwa jina kufanana hakutoshi kuwa ushahidi.

Hata hivyo, dalili hii sahihi haifikishi kule alikotaka kijana. Inathibitisha kuwa kujifukiza udi ni jambo zuri. Haisemi kuwa asiyeipenda harufu ya mafuta fulani ameichukia Sunna. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya Mtume (s.a.w.) alipoandaliwa nyama ya kenge wa jangwani. Aliondoa mkono wake, na alipoulizwa kama ni haramu alisema sivyo, bali haipatikani katika ardhi ya watu wake, hivyo nafsi yake haiipendi. Khalid bin Walid (r.a.) akaila naye Mtume anatazama. Ikiwa mtu anaweza kutopenda halali kwa kuwa hakuizoea, na asilaumiwe, basi mzee aliyezaliwa katika mashamba ya kahawa ya Mbozi au milima ya Ileje, ambako harusi hazifukizwi udi kama Unguja na Mombasa, vipi alaumiwe kwa pua yake?

HOJA YA PILI: "KINACHOMKERA MTU MSIKITINI NI KAMA KITUNGUU THAUMU"

Upande wa pili umeandika hadithi ya Jabir (r.a.), nayo imo katika Bukhari na Muslim, ambayo ndani yake aliyekula kitunguu thaumu au kitunguu maji ametakiwa ajitenge na msikiti. Katika riwaya ya Muslim imetajwa kuwa Malaika huudhika kwa yale yanayowaudhi wanadamu. Wakatoa natija kuwa kijana azuiliwe msikiti mpaka aache mafuta yake.

Hadithi ni sahihi, na kiasi si cha kubeza. Imam Nawawi ametaja katika sherehe yake ya Sahih Muslim kuwa wanavyuoni wameambatanisha na kitunguu kila chakula chenye harufu mbaya. Lakini tuangalie sababu ya hukumu. Sababu ni harufu ambayo watu kwa jumla huiona mbaya. Haikuwa harufu ambayo fulani mmoja haipendi. Lau kila asichokipenda mmoja kingekuwa kitunguu, asingebaki mtu msikitini: huyu hapendi miski, yule hapendi waridi, mwingine kichwa kinamuuma kwa asumini. Tena udi kwa desturi ya Waislamu ni katika manukato, na umma haujawahi kuuhesabu miongoni mwa vitu vinavyonuka.

Pia upande huu umesahau kilichomo katika khutba ya Umar (r.a.) aliyoipokea Muslim. Umar alieleza kuwa mwenye harufu hiyo alikuwa akitolewa msikitini, kisha akaelekeza kuwa anayetaka kuvila aviue kwa kuvipika. Basi hata katika kitunguu chenyewe njia haikufungwa, bali iliwekwa ya kupunguza ukali. Wenzetu wa Tunduma wameshika nusu ya mwanzo ya khutba na kuiacha nusu yenye faraja.

MANUKATO YA IJUMAA YALIKUJA KWA AJILI YA NANI?

Pande zote mbili zimeacha swali ambalo ndilo mzizi wa mas'ala haya. Jawabu lake limo katika habari aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.). Watu wa Iraq walimuuliza kuhusu josho la Ijumaa. Akawaeleza kuwa watu walikuwa mafukara, wakivaa sufi na kubeba mizigo migongoni, na msikiti ulikuwa mdogo wenye paa la chini. Siku moja ya joto walitoka jasho mpaka harufu zao zikaudhiana. Mtume (s.a.w.) alipoihisi harufu hiyo akawaamrisha waoge, na kila mmoja ajipake kilicho bora katika mafuta na manukato aliyonayo.

Tazama basi, ndugu msomaji. Manukato ya Ijumaa yaliamrishwa kuondoa udhia kati ya bega na bega. Kwa hiyo haki ya manukato ya Ijumaa ni ya jirani wa safu kabla ya kuwa ya mwenye kujipaka. Anayejipaka kinachomtoa jirani yake katika safu amechukua amri ikiwa imepinduliwa, hata kama mafuta yake yametoka kwa sultani. Na anayemwaibisha aliyekuja amejipamba kwa ajili ya swala naye ameleta udhia ule ule kwa njia ya ulimi. Bedui alikojoa ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.), naye akawazuia Sahaba wasimkaripie, akaagiza ndoo ya maji, akamfundisha kwa upole. Huyu wa Tunduma alikuja na manukato!

Kwa kipimo hiki tunatenganisha mambo mawili. La kwanza ni kutopenda. Mtu haumwi ila hajazoea. Huyu asubiri, au ahamie sehemu nyingine ya safu kwa utulivu, na asimseme mwenzake. La pili ni madhara. Mtu ana pumu, au kifua chake hubana kwa harufu kali. Hapa inaingia kanuni kuwa madhara huondolewa, na mwenye mafuta ndiye wa kurudi nyuma, kwani kujipaka ni sunna na kumdhuru Muislamu ni haramu. Mzee wetu alikohoa mpaka akatoka, na tulipouliza tuliambiwa ana pumu ya miaka mingi. Kijana hakulijua hilo. Lau angeambiwa faraghani, mambo yangekwisha siku ile ile.

MAMBO MENGINE YA KUANGALIA

Kwanza, mafuta mengi yanayouzwa kwa jina la udi ni mchanganyiko. Udi halisi ni ghali, na kichupa cha shilingi elfu chache hakiwezi kuwa udi mtupu. Si haramu kujipaka mchanganyiko, ila muuzaji aseme ukweli, kwani Mtume (s.a.w.) alimkemea aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya ile kavu.

Pili, baadhi ya michanganyiko ya viungo hutiwa zafarani. Imepokewa kutoka kwa Anas (r.a.) katazo la mwanamume kujipaka zafarani, na wanavyuoni wametofautiana iwapo sababu ni rangi au harufu. Mwanamume ayaepuke mafuta yanayoacha rangi ya manjano mwilini au kwenye kanzu.

Tatu, ile desturi ya kusimama mlangoni na kuwapaka watu mikononi. Kutoa manukato ni wema, na imepokewa kuwa yasirudishwe kwa kuwa ni mepesi kubeba na yana harufu nzuri. Lakini anayeumwa ana udhuru, na mtoaji aulize kwanza kabla ya kushika mkono wa mtu.

USHAURI WETU KWA NDUGU WA TUNDUMA

Mji wenu ni wa mpakani. Safu moja ina dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam, mfanyabiashara wa Pemba, Mzambia aliyevuka kutoka Nakonde, na Mnyamwanga au Mnyiha aliyesilimu juzi. Pua zao hazikulelewa nyumba moja. Na nchi yenu ni ya baridi: miezi ya Juni na Julai madirisha hufungwa, harufu isipate pa kutokea, msikiti ukawa kama ule wa paa la chini aliousimulia Ibn Abbas.

Anayependa udi wa Kihindi ajipake tone dogo saa mbili kabla ya kutoka nyumbani, ili ule ukali uishie kwake na jirani apate utamu. Huko ndiko kuupika kitunguu. Imamu awafungulie watu madirisha, na akiwa na la kumwambia mtu amwambie faraghani. Na aliyetamka neno la zizi mbele za watu anajua lililo juu yake: aende kwa kijana akamuombe radhi, kisha waende wote wawili kwa mzee. Ijumaa tatu zimeshapita, na aliyeacha Ijumaa tatu mfululizo bila udhuru amehofiwa katika hadithi kupigwa muhuri wa moyo. Harufu ya udi huisha kwa maji na sabuni. Hilo la muhuri si la kungoja Ijumaa ya nne.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) aziunganishe safu zetu na nyoyo zetu. Wallahu aalam.