Kasi Iko Upande wa Baridi

Mwanafunzi mgeni wa maabara akiona kazi inasuasua kwenye rotavapa, mashine ya kuvukiza viyeyushi, hukimbilia kitufe cha joto. Hupandisha beseni la maji kutoka nyuzi 50 hadi 70, husubiri, na ethanoli haiji haraka kama alivyotarajia. Kinachokuja ni harufu ya spiriti kwenye bomba la kutolea hewa la pampu. Fundi sanifu mzoefu akiitwa, kitufe hicho hakigusi. Hutazama kwanza koili ya kondensa, aone unyevu umepanda hadi wapi. Nimeandika insha hii kuusifu mtazamo huo.

Mashine yenyewe haina siri kwa aliyewahi kushughulika na dondoo za mimea. Chupa ya duara imelala mshazari, tumbo lake limezama kwenye maji ya moto, na mota inaizungusha. Pampu ya ombwe hupunguza mgandamizo ndani ili kiyeyushi kichemke kwa joto dogo: ethanoli, ambayo kwenye hewa ya kawaida huchemka kwa nyuzi 78, huchemka kwa nyuzi 40 mgandamizo ukishushwa hadi milibari 175 hivi. Mvuke hupanda kwenye kondensa, hupoa, kisha hudondoka katika chupa ya kupokelea. Lyman Craig na wenzake wa New York waliuchapisha ubunifu huo mwaka 1950, na kampuni ya Büchi ya Flawil, Uswisi, ikaanza kuuza mashine ya aina hiyo mwaka 1957.

Kuzunguka kuna kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kila mzunguko hupaka utando mwembamba wa kimiminika kwenye ukuta wa ndani wa chupa, na nguo iliyotandazwa hukauka kabla ya iliyokunjwa. Ndiyo maana lita moja ndani ya chupa ya lita mbili huisha mapema kuliko lita hiyohiyo iliyojazwa pomoni kwenye chupa ndogo, na pia haielekei sana kuruka ghafla na kumwaga dondoo la wiki nzima ndani ya kondensa. Chupa isizidi nusu. Hilo fundi hulisema mara moja tu.

Lakini utajiri wa ustadi huu uko kwenye kupoza. Kila gramu ya ethanoli inayogeuka mvuke hubeba jouli 850 hivi, na jouli hizo zote sharti zitolewe na kondensa. Ukitaka lita moja kwa nusu saa, kondensa iondoe wati 370 mfululizo, bila kupumzika. Ikishindwa, kuongeza joto chini ni kuongeza tu mvuke usio na pa kwenda, nao huishia kwenye pampu na kwenye mapafu ya watu waliomo chumbani.

Mafundi hufuata kanuni ya ishirini: beseni nyuzi 60, mvuke nyuzi 40, maji ya kondensa nyuzi 20, au baridi zaidi. Sasa fikiria Dar es Salaam, ambako maji ya bomba hutoka yakiwa na nyuzi 28 au zaidi. Ukiifuata kanuni hiyo kwa maji hayo, mvuke uwe nyuzi 48, mgandamizo yapata milibari 265, na beseni nyuzi 68. Inawezekana, ila dondoo linaungua taratibu. Kwa hiyo, nionavyo mimi, maabara ya pwani yenye fedha za kifaa kimoja inunue mashine ya kupoza maji kabla ya kufikiria pampu yenye nguvu zaidi. Na isiyo na fedha hizo itumie ndoo ya barafu na pampu ndogo ya kuzungusha maji. Nimeona ndoo hiyo ikifanya kazi ambayo pampu ya bei kubwa ilishindwa kuifanya.

Mvuke ukiwa sawa, koili hulowana hadi theluthi mbili ya urefu wake na sehemu ya juu hubaki kavu. Unyevu ukifika kileleni, fundi hupandisha mgandamizo kidogo, milibari kumi au ishirini, na ajabu ni kwamba matone huongezeka. Hewa inayovuja nayo ni adui: hutanda juu ya koili na kuuzuia mvuke kuigusa baridi. Kuitambua ni rahisi. Funga kila kitu, shusha mgandamizo, zima pampu, tazama kipimo. Kikipanda upesi, kagua muhuri kwenye shingo inayozunguka, maana ndio huchakaa kwanza.

Kuna jingine linalosahaulika. Asetoni ya jana ikiachwa kwenye chupa ya kupokelea, na leo ukavukiza maji kwa milibari 72, asetoni hiyo itachemka upya kule ilikotulia na kuijaza kondensa mvuke wake. Mtu atahangaika na joto asubuhi nzima, kumbe tatizo liko kwenye chupa ambayo hakuna aliyeimwaga.

Subira na joto dogo vina historia ya heshima. Mwaka 1971, huko China, Tu Youyou na kundi lake waliacha kuchemsha mmea wa artemisia, wakaitoa dawa yake kwa etha, ambayo huchemka kwa nyuzi 35 tu. Dondoo hilo ndilo lililoua vimelea vya malaria, na mwaka 2015 Tu alipewa Tuzo ya Nobel. Anayepandisha beseni hadi nyuzi 80 ili awahi basi la jioni huenda anaiharibu molekuli aliyoifuata porini.

Ethanoli iliyorejeshwa hurudi na maji kidogo, kwa sababu kwa kukeneka kwa kawaida haipiti asilimia 95.6 kwa uzito. Kwa anayetoa dondoo la gamba la mti hilo si kasoro: fundi huipima, huandika asilimia yake kwenye chupa, kisha huimimina juu ya unga wa gamba linalofuata.