Ufundi wa Kuishi na Maji Moto

Shamba la minazi lenye sisimizi waitwao maji moto hulitambua kabla hujafika shinani. Majani ya mlimau uliopandwa katikati yamekunjwa na kushikizwa kwa hariri nyeupe, na juu ya shina la mnazi msafara wa sisimizi wekundu unapanda huku mwingine ukishuka. Mgeni hurudi nyuma. Mwenye shamba anayeijua kazi yake hufurahi, na ana haki ya kufurahi, kwa sababu amefaulu katika ufundi ambao naona hausifiwi vya kutosha pwani yetu: kuwatengenezea wadudu wakali makazi yanayowafaa, kisha kuwaachia ulinzi.

Anayezuiwa ni mbu wa minazi. Huyu hudunga ua la kike na kidaka kichanga ili afyonze utomvu, na mate yake huua sehemu aliyoidunga. Vidaka hupukutika. Vinavyopona hukua na makovu yanayotoa gundi, nazi ikawa ndogo na imepinda. Hawahitaji kuwa wengi. Wachache tu kileleni mwa mnazi mmoja hutosha kumtia mkulima hasara, na huko kileleni bomba la dawa halifiki kwa urahisi. Maji moto hufika. Wanashinda huko kutwa nzima wakiwinda, na mdudu yeyote asiye wao humng'ata, wakamvuta miguu kila mmoja upande wake, wakampeleka kiotoni.

Kiota chenyewe kinastahili kutazamwa kwa utulivu. Jani likiwa mbali na jenzake, wafanyakazi hushikana viunoni kwa taya, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka mnyororo ulifikie jani la pili, ndipo huvuta kwa pamoja. Majani yakishakutana inabaki kazi ya kuyaunga, na sisimizi mzima hana hariri. Wenye hariri ni mabuu. Basi mfanyakazi humbeba buu kwa taya, akamgusisha jani hili, akampeleka jani lile, huku na huku, na buu anatoa uzi, kama mama anayeshona ukili wa mkeka. Mabuu wa sisimizi wengi hujisokotea kifukofuko cha kujifichia. Wa maji moto hariri yao huishia katika ukuta wa nyumba ya wote, na wao hukua bila kifuko. Ukoo mmoja waweza kuwa na viota zaidi ya mia, umetapakaa juu ya miti mingi, na kwa kawaida malkia ni mmoja tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu M. J. Way aliwachunguza sisimizi hawa Zanzibar, na mbu wa minazi, Pseudotheraptus wayi, akaja kupewa jina lake kitaalamu mwaka 1955. Kwangu mimi, jambo kubwa katika utafiti wa aina hiyo ni kwamba vita vya kileleni huamuliwa chini. Kuna sisimizi wengine, wadogo wa kahawia, ambao baadhi yao wana vichwa vikubwa kupita kiasi. Hujenga ardhini na penye mashina. Hao huwafukuza maji moto mtini, na mbu wa minazi hawamsumbui. Shamba lililopaliliwa mpaka ardhi ikabaki tupu huwanufaisha wao. Likiachiwa majani yafunike ardhi, maji moto hupata nafasi ya kuwashinda. Najua aibu anayoionea mkulima wa kwetu shamba lenye majani, na jinsi majirani wanavyosema. Hapa, hata hivyo, majani yaliyoachwa kwa makusudi ni kazi iliyofanywa, sawa na ile michungwa, mipera na mikarafuu inayopandwa kati ya minazi ili maji moto wapate majani mapana ya kujengea.

Kuwahamisha ni somo jingine. Viota hukatwa pamoja na vitawi vyake, vikatiwa mfukoni na kutundikwa mti mpya, lakini vyote sharti vitoke ukoo mmoja. Ili kujua, mkulima huchukua sisimizi wachache wa mti huu akawachanganya na wa mti ule. Wakipigana, amepata mpaka. Kati ya koo mbili hasimu hukata matawi yanayogusana. Ndani ya ukoo mmoja hufunga kamba kutoka mti hadi mti ili wavuke bila kushuka kwa wale wa ardhini. Na asipomhamisha malkia, kundi hudhoofika likaisha.

Wakulima wa machungwa wa kusini mwa China walikuwa na ufundi wa jinsi hii zamani mno. Kitabu kinachohesabiwa kuwa cha Ji Han, cha mwaka 304, kinaeleza sisimizi wa aina hii wakiuzwa sokoni mifukoni, pamoja na viota na vitawi vyao. Kwetu, watafiti wa Naliendele, Mtwara, wamewachunguza maji moto katika mikorosho, ambako huwadhibiti mbu wa mikorosho wanaokausha machipukizi. Viuadudu huwaua walinzi pamoja na adui, kwa hiyo anayetaka kuwatumia hana budi kuzuia mkono wake.

Wana gharama zao. Huwalinda wadudu gamba ili wapate utamu wanaoutoa, na mti hulipa kidogo. Hilo naona linavumilika. Gharama nzito humwangukia mkwezi, anayeng'atwa shingoni na machoni wakati mikono yake imeshika mnazi. Majivu ya kujipaka husaidia, hayamalizi. Wakwezi wengine hukataa kupanda, na siwalaumu. Mwenye shamba aliyeokoa fedha za dawa amuongeze mkwezi ujira kutoka fedha hizohizo, tena ampe kazi ya kutazama viota, kwa kuwa ndiye pekee anayefika huko juu na kuona ukoo upi umehamia mnazi upi.