Gramu 30 za Wanga kwa Siku: Kitabu cha Bernstein Kikisomwa Jikoni kwa Shangazi

Hebu tuanze na chai. Kikombe kimoja, maziwa kiasi, vijiko viwili vya sukari. Kijiko kimoja cha chai kina gramu 4 hivi za sukari, kwa hiyo viwili ni gramu 8, na hapo hatujahesabu maziwa wala chapati. Sasa kuna daktari mmoja wa Marekani aliyeandika kwamba mgonjwa wa kisukari asizidishe gramu 6 za wanga katika kifungua kinywa chote, tena zisiwe za sukari. Yaani umekunywa chai tu, tayari umevuka mpaka.

Daktari huyo ni Richard K. Bernstein, na kitabu chake, Dr. Bernstein's Diabetes Solution, kilitoka mara ya kwanza mwaka 1997. Huenda hujawahi kukiona. Lakini kama una ndugu mwenye kisukari, mawazo yake yameshafika nyumbani kwenu kwa njia moja au nyingine: acha ugali, acha wali, acha matunda, kula mayai na nyama.

Mimi nilikitafuta kwa sababu ya shangazi yangu wa Morogoro. Ana kisukari aina ya pili, huu ni mwaka wa tisa, na hutumia dawa mbili, metfomini na glibenklamidi. Mwaka jana alitumiwa ujumbe wa sauti, moja ya zile sauti zinazozunguka kwenye makundi ya familia na hakuna anayejua ni ya nani. Eti ukiacha wanga, sukari itashuka yenyewe. Jumatatu shangazi akaacha ugali, wali, viazi na matunda. Vidonge akaendelea navyo kama kawaida. Jumatano saa nne usiku akaanza kutetemeka, jasho likamtoka, akawa anamwita binti yake kwa jina la dada yake aliyefariki. Mashine ikasoma 2.7. (Vipimo vyote humu ni vya milimoli kwa lita; chini ya 4 ni hatari kwa mtu anayetumia dawa kama zake.) Bahati nzuri nyumbani kulikuwa na soda.

Kwa hiyo mimi sibishani kama mlo wa wanga kidogo unashusha sukari. Unashusha, tena nusura ummalize shangazi. Ninachouliza ni hiki: ushauri ule ulitoka wapi, na njiani ulidondosha nini?

Mhandisi na mashine ya mkewe

Bernstein alizaliwa mwaka 1934, akapata kisukari aina ya kwanza akiwa na miaka 12. Hakuanza kama daktari, alikuwa mhandisi. Alipofika miaka ya thelathini mwili ulikuwa umeanza kuharibika, figo zikiwemo, ingawa alifuata kila alichoambiwa hospitali. Mwaka 1969 akaona tangazo la mashine ya kupima sukari kwenye damu. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja na iliuzwa kwa madaktari na hospitali tu. Mke wake alikuwa daktari, basi ikaagizwa kwa jina lake.

Akaanza kujipima karibu mara tano kwa siku. Anakula kitu, anapima. Anabadilisha dozi ya insulini, anapima. Kama mhandisi anayetafuta hitilafu kwenye mtambo, alikuwa anagusa kitu kimoja kimoja na kuandika matokeo. Alipojaribu kuwaeleza madaktari, hawakumsikiliza. Akiwa na miaka 45 akaingia chuo cha udaktari ili asikilizwe. Alifariki mwaka 2025 akiwa na miaka 90, umri ambao watu wachache waliopata kisukari utotoni miaka ya 1940 waliufikia.

Historia hii ndiyo inayokipa kitabu nguvu. Anayeongea ni mgonjwa aliyekataa kuambiwa "sukari yako iko sawa" wakati miguu na figo zinamwambia vingine. Na sayansi ilikuja kumuunga mkono kwa sehemu: mwaka 1993 utafiti mkubwa wa Marekani uitwao DCCT, uliofuatilia wagonjwa 1,441 wa aina ya kwanza, ulionyesha kwamba kuisogeza sukari karibu na kiwango cha kawaida kunalinda macho, figo na mishipa ya fahamu. Ulionyesha pia gharama yake: waliobanwa kwa insulini nyingi zaidi walipata mishuko mikali ya sukari mara tatu hivi kuliko wenzao.

Jibu la Bernstein kwa gharama hiyo ndilo moyo wa kitabu.

Kosa dogo, madhara madogo

Analiita sheria ya namba ndogo. Hesabu yake ni hii. Tuseme hutengenezi insulini kabisa, na unataka kula wanga gramu 100. Hakuna anayejua kiasi halisi kilichomo kwenye sahani. Kukosea kwa asilimia 20 ni jambo la kawaida. Hizo ni gramu 20 za kosa. Bernstein anakadiria kwamba kwa mtu wa kilo 64 hivi, gramu moja ya wanga hupandisha sukari kwa karibu 0.28. Kosa lako basi ni 5.6, kwenda juu au chini. Ukila gramu 12 na kukosea kwa asilimia ileile, kosa ni chini ya 0.7. Unateleza lakini huanguki.

Ndiyo maana ya gramu 30 kwa siku: 6 asubuhi, 12 mchana, 12 usiku. Wanga ukipungua, insulini inayohitajika inapungua, na makosa ya vyote viwili yanapungua pamoja. Kwa mtu anayejichoma sindano, hoja hii sijaona aliyeivunja. Ni hesabu ya darasa la saba, na bado vitabu vingi vya kisukari haviitaji.

Kitu kingine anachokieleza vizuri ni kile kinachowachanganya wengi: umelala bila kula, asubuhi sukari iko juu. Shangazi alikuwa anatuhumiwa na wanawe kwamba anaiba vitafunio usiku! Kumbe ini hutoa sukari alfajiri, wakati homoni za mwili zinajiandaa kuamka. Mtu asiye na kisukari huongeza insulini kidogo na mambo yanakwisha. Mwenye kisukari anaamkia 9 bila kosa lolote. Kwa ukurasa huo tu kitabu kiliniletea amani katika nyumba moja.

Sasa tukiweke mezani

Unga wa mahindi, uwe sembe uwe dona, una gramu 70 hadi 80 za wanga katika kila gramu 100. Dona ina nyuzinyuzi na virutubisho zaidi, ni kweli, lakini wanga bado ni mwingi, na mtu anayekula bonge kubwa la dona kwa kuwa "dona haina sukari" anajidanganya. Ugali wa mtu mmoja uliopikwa kwa gramu 150 za unga una wanga kama gramu 110. Kwa Bernstein hiyo ni zaidi ya siku tatu, kwenye sahani moja.

Kuna vinavyopita bila shida: dagaa, samaki, mayai, kuku, mchicha, bamia, nyanya chungu, parachichi, karanga kwa kiasi. Ukiangalia, mboga zetu zote ziko upande salama. Tatizo ni kwamba kwetu mboga ni ya kusindikizia ugali. Ukiniambia nile mlenda bila ugali, niukamate na nini?

Hapa ndipo ninapoanza kugombana na kitabu. Kinakataza nafaka, matunda, maziwa na maharage, kwa wagonjwa wa aina zote mbili. Maharage! Gramu 100 za maharage yaliyochemshwa zina wanga gramu 20 na kidogo, lakini karibu theluthi ni nyuzinyuzi zisizogeuka kuwa sukari ya damu, na wanga uliobaki humeng'enywa polepole. Halafu ndiyo protini ya bei nafuu kuliko zote kwenye soko letu. Kumnyima maharage mtu asiyeweza kununua nyama kila siku ni kumwambia abaki na mchicha. Bernstein alipanga mlo wa mtu mwenye friji iliyojaa na sahani yake peke yake. Kwa shangazi chakula ni sinia moja, watu sita, na anayekula tofauti anaulizwa kama ameanza kujidai.

Pia namba moja haiwezi kuwafaa wote. Sheria ya namba ndogo ina makali zaidi kwa asiyetengeneza insulini. Wengi wenye aina ya pili bado wanatengeneza kiasi, na kwao nafasi ya kuchagua ni kubwa zaidi. Gramu 30 zilikuwa jibu la mwili wa Bernstein na la wagonjwa waliomfuata. Kitabu kinaziandika kama amri kwa kila mtu.

Ushahidi unasemaje?

Mwaka 2018 jarida la Pediatrics lilichapisha uchunguzi wa watu 316 wa aina ya kwanza, watoto na watu wazima, waliokuwa wakifuata njia ya Bernstein. Wastani wa HbA1c yao, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, ulikuwa asilimia 5.67, karibu sawa na mtu asiye na kisukari. Ni matokeo ya kushangaza. Lakini walikuwa wanachama wa kundi la mtandaoni waliojitokeza wenyewe. Walioshindwa na kuacha huwezi kuwakuta humo.

Kwa aina ya pili, mwaka 2021 jarida la BMJ lilikusanya majaribio 23 yenye washiriki 1,357. Baada ya miezi sita, asilimia 57 ya waliopunguza wanga walikuwa na HbA1c chini ya 6.5, dhidi ya asilimia 31 ya waliokula mlo mwingine. Baada ya mwaka mmoja tofauti ilififia. Mlo unafanya kazi, ila kuishi nao ndiko kugumu. Kitabu kinachosema "usile" kurasa mia kadhaa na kusema kidogo sana kuhusu mke, mume, sherehe na sinia, kinaukwepa ugumu huo.

Kilichodondoka njiani

Turudi kwenye ile sauti. Nilipomaliza kusoma niliona kwamba iliiba robo tu ya Bernstein. Alichojenga yeye ni mfumo wa kupima, na chakula kilitokana na vipimo. Ukitoa mashine, kinachobaki ni orodha ya makatazo tu.

Na kibaya zaidi: vidonge. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, umekula hujala. Ukiondoa ugali ghafla na kidonge kikabaki palepale, insulini inakuja na haikuti chakula. Hicho ndicho kilichompata shangazi Jumatano ile. Metfomini ni tofauti, yenyewe kazi yake kubwa ni kulizuia ini, na ikiwa peke yake ni nadra kuleta mshuko. Sasa sikia: Bernstein mwenyewe, kwenye kitabu hichohicho, anapinga vidonge vinavyosukuma kongosho. Yaani onyo lipo. Aliyetengeneza sauti alichukua mayai na nyama, onyo akaliacha.

Baada ya tukio lile shangazi alirudi kliniki, akapunguziwa glibenklamidi, na akaanza kupima kwa jozi: kabla ya kula, na saa mbili baada ya kula. Vijiti vya kupimia ni ghali, kwa hiyo jozi moja tu kila baada ya siku mbili, kila mara chakula kingine. Kwa ugali wake wa zamani alitoka 8.1 akafika 13.4. Kwa ugali wa ukubwa wa ngumi, mchicha mara mbili na dagaa, alitoka 7.6 akafika 9.8. Maharage kikombe kimoja bila ugali yalimpandisha chini ya 2. Ndizi mbivu ilimpandisha kuliko alivyotegemea, akanuna siku nzima. Namba hizi ni za shangazi tu. Zako zitakuwa nyingine, na huo ndio uzuri wake.

Aliandika kwenye daftari la hesabu za duka. "We mtoto," aliniambia, "miaka tisa naambiwa punguza ugali, hakuna aliyewahi kunionyesha kwa nini."

Kama unasoma Kiingereza na una mgonjwa nyumbani, kisome kitabu hiki. Chukua daftari la Bernstein, sheria ya namba ndogo na sura ya alfajiri. Zile gramu 30 ziache ziwe swali la kumpelekea daktari. Kama wewe au mzazi wako mnatumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamidi, msipunguze wanga kwa kiasi kikubwa kabla dozi haijazungumzwa. Na hata katika nyumba ya wanga kidogo, sukari isikosekane kabatini: anayetetemeka na bado anaweza kumeza apewe vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Shangazi bado anakula ugali, na anakunywa chai bila sukari huku anailaumu. Ule ujumbe wa sauti ulirudi tena mwezi uliopita kupitia kundi la kwaya. Safari hii yeye ndiye aliyejibu: "Mnatumia vidonge gani? Mmepima?"