Dubwana, Kasumba na Mhalifu Mmoja: Uhakiki wa These Violent Delights ya Chloe Gong

Riwaya ya These Violent Delights (2020) ya Chloe Gong, mwandishi aliyezaliwa Shanghai na kulelewa New Zealand, inausimulia upya mkasa wa Romeo na Juliet katika Shanghai ya mwaka 1926. Juliette Cai ni mrithi wa genge la Kichina la Scarlet. Roma Montagov ni mrithi wa White Flowers, genge la Warusi. Waliwahi kupendana, Roma akamsaliti mwenzake, na miaka minne baadaye wanalazimika kushirikiana kwa siri, kwani wakazi wa jiji wanashikwa na kichaa na kujirarua makoo kwa mikono yao wenyewe. Fununu zinasema kuna dubwana katika mto Huangpu.

Historia, fantasia, upelelezi na mapenzi vinakutana hapa, na haviishi kwa amani. Ni katika kuvutana huko ndimo uzito wa riwaya ulimo.

Msomaji wa Muhammed Said Abdulla ataukumbuka Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Bwana Msa huanzia pale ambapo watu wanaihofia mizimu na kuishia kwa binadamu mwenye sababu za kibinadamu za kuua. Mizimu hutoka bila hatia. Gong anaenda njia nyingine. Dubwana lake ni la kweli, ila lina mwenyewe. Nyuma yake yuko Paul Dexter, mwana wa mfanyabiashara Mwingereza, ambaye kwa jina la Larkspur anawauzia watu chanjo ya maradhi aliyoyaeneza yeye. Fantasia, basi, haimpeleki msomaji mbali na historia: soko la tiba linahitaji ugonjwa, na ugonjwa unatengenezwa.

Kiswahili kinaweza kuiona jazanda hii kwa wepesi kuliko lugha iliyotumiwa na mwandishi. Shanghai ilifunguliwa kwa biashara ya kigeni na Mkataba wa Nanjing wa 1842, uliohitimisha vita vya kwanza vya kasumba, na neno kasumba katika Kiswahili hubeba kilevi chenyewe pamoja na fikra zilizopandikizwa na mkoloni. Vijidudu vinavyoingia vichwani mwa wahusika wa Gong ni kasumba kwa maana hizo mbili kwa pamoja.

Hata hivyo, upelelezi hudai mhalifu, na dai hilo linaigharimu riwaya. Mikataba, mahakama za wageni, maeneo yaliyotawaliwa na Wafaransa na mataifa mengine ndani ya jiji la Wachina: haya hayana mtu mmoja wa kutiwa pingu. Paul anapofichuliwa, ukoloni unapewa uso wa kijana mwenye tamaa anayemposa Juliette kwa ukaidi, na mfumo mzima unaelekea kusomeka kama kasoro ya tabia. Sehemu zinazomfuatilia Zhang Gutai, kiongozi wa Kikomunisti anayeshukiwa kwanza, zina nguvu zaidi, kwa kuwa zinaonyesha jinsi jiji lenye hofu linavyochagua wa kulaumiwa kabla ya ushahidi. Mwaka mmoja tu baada ya wakati wa riwaya, Aprili 1927, Wakomunisti waliuawa kwa wingi katika jiji hilohilo.

Gong anaonekana kulitambua tatizo hilo. Katika hitimisho, maagizo aliyoyaacha Paul yanaruhusu madubwana mengine kuachiliwa baada ya kifo chake. Mtu amekwisha, mradi unaendelea. Marekebisho hayo ni ya haki, ijapokuwa yamekuja kwa sura ya taharuki ya kumwandaa msomaji kwa juzuu la pili, na hivyo yanafanya kazi ya mchapishaji sawa na ya fikra.

Mapenzi ndiyo yanayoepuka mtego huo. Uhasama wa kurithi katika tamthilia ya Shakespeare haupewi chanzo. Hapa una mitaa, mapato na maiti. Kwa hiyo Juliette anapojifanya kumuua Marshall, rafiki wa Roma, ili kumwokoa Roma mwenyewe mbele ya watu wa genge lake, hachagui kati ya moyo na ukoo kama wahusika wengi wa riwaya za vijana wanavyofanya. Anampenda Roma kwa kumfanya amchukie, na Marshall, aliye hai mafichoni, ndiye shahidi pekee wa jambo hilo.